Shajara ya mradi: mlo mmoja wa vyakula vibichi kwa siku, bila jiko kuwashwa

Februari, mwanzoni

Mradi huu una lengo linaloweza kupimwa kwa saa ya ukutani: kuandaa nyumbani, kila siku, mlo mmoja wa vyakula visivyopikwa unaomshibisha mtu mzima, kwa muda usiozidi dakika 15 tangu friji inapofunguliwa hadi sahani inapofika mezani. Vifaa vinavyoruhusiwa ni kisu kikali, ubao wa kukatia, kifaa cha kukwangulia, mizani ndogo, blenda ya kawaida na chupa za kioo zenye midomo mipana. Mashine za kukausha chakula kwa hewa ya vuguvugu, ambazo wapenzi wa ulaji huu huzitumia kutengenezea biskuti na mikate isiyookwa, nimeziacha nje, kwa kuwa hufanya kazi kwa saa nyingi na mradi wenyewe unahusu wepesi.

Swali la kwanza lilikuwa ni kipi kihesabiwe kuwa kibichi. Wafuasi wa ulaji huu kwa kawaida hukiita chakula kibichi mradi hakijapashwa joto kupita kiwango fulani kati ya nyuzijoto 40 na 48 za Selsiasi, na kila kundi lina namba yake. Nimeamua kutoifanya namba hiyo kuwa sheria. Hoja inayotolewa mara nyingi kuitetea ni kwamba joto huharibu vimeng'enya vya mmea ambavyo vingesaidia kusaga chakula tumboni. Lakini vimeng'enya ni protini, na tumbo lenye asidi huvivunja vingi kama linavyovunja protini nyingine, kwa hiyo hoja hiyo haina uzito wa kutosha kuliongoza jiko langu. Zaidi ya hayo, baadhi ya vitu vinavyouzwa vikiitwa vibichi vimekwisha kupita kwenye joto: oti bapa hupitishwa kwenye mvuke kabla ya kubanwa, na korosho huvukishwa au kukaangwa ili ganda lake, lenye mafuta yanayounguza ngozi, liweze kubanguliwa kwa usalama. Anayetaka ubichi usio na doa atalazimika kuviacha vyote viwili. Mimi nimevibakiza.

Katika hili nina mtangulizi mzuri. Daktari wa Uswisi Maximilian Bircher-Benner, aliyewalisha wagonjwa wake mjini Zürich matunda na mboga mbichi, ndiye aliyebuni, karibu mwaka 1900, kile kinachojulikana leo kama muesli: tufaha zima lililokwanguliwa pamoja na ganda lake, kijiko kimoja tu cha oti zilizolowekwa, maji ya limau, lozi zilizosagwa, na kijiko cha maziwa mazito ya kopo. Maziwa ya kopo, yaliyochemshwa kiwandani, katika bakuli la mtetezi mashuhuri wa chakula kibichi, yananipa ruhusa yote ninayoihitaji.

Februari, katikati

Kabla ya kuandika mapishi yoyote nimeziorodhesha kazi ambazo moto huzifanya jikoni, kwa sababu kila kazi ambayo moto hautaifanya ni lazima ikabidhiwe kitu kingine. Moto hulainisha, huua vijidudu, huondoa au hupunguza sumu za asili za mimea, na huunganisha ladha. Kulainisha kunaweza kukabidhiwa kisu, chumvi, asidi na maji. Ladha zinaweza kuunganishwa na sosi. Vijidudu huzuiwa, kwa kiasi fulani tu, na usafi pamoja na baridi. Sumu za asili hazina mbadala wa kuaminika katika jiko la nyumbani linalofanya kazi kwa robo saa, na kwa hiyo vyakula vyenye sumu hizo vinatoka kwenye orodha moja kwa moja.

Maharagwe mekundu yametoka kwanza. Yana lektini (aina ya protini yenye sumu) iitwayo fitohemaglutinini, na punje nne au tano mbichi zinaweza kutosha kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache. Kuyaloweka peke yake hakutoshi. Hulowekwa, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa yatokote kwa angalau dakika 10, na kuyapasha polepole kwa joto lisilofikia kuchemka kunaweza kuiongeza sumu badala ya kuipunguza. Muhogo umefuata, kwa sababu una viambata vinavyotoa sianidi mara tishu zake zinapokatwa au kutafunwa, na ingawa kuchachusha na kukausha huipunguza sumu hiyo, hizo ni kazi za siku kadhaa. Magimbi yana vijisindano vya kalsiamu oksaleti vinavyowasha kinywa na koo. Viazi mviringo vimetoka kwa sababu ya upole zaidi: wanga wao mbichi mwili hausagi vizuri. Nyama, samaki na mayai havikuwamo tangu mwanzo na havitaingia.

Machi, mwanzoni

Mwezi huu wote umetengwa kwa ajili ya kulainisha, na ndiko nilikojifunza mengi kuliko nilivyotarajia.

Kabichi ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ikikatwa vipande vinene huchosha taya kabla ya kushibisha. Ikikatwa nyuzi nyembamba kama karatasi, ikanyunyiziwa chumvi na kubinywa kwa mikono kwa dakika mbili au tatu, hulegea, hutoa maji yake na kupungua kiasi katika bakuli. Kinachotokea ni kwamba chumvi iliyo nje ya seli huyavuta maji yaliyo ndani, na shinikizo lililokuwa likiufanya ukuta wa seli ukakamae hushuka. Chumvi inayohitajika ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani: gramu 1 hadi 1.5 kwa kila gramu 100 za kabichi yatosha, na maji yanayotoka yakikamuliwa na kumwagwa huondoka na sehemu ya chumvi hiyo. Mizani imesaidia sana hapa, kwa kuwa jicho hudanganyika kwa urahisi na wingi wa majani yaliyojaa hewa.

Majani mengine magumu ya jamii ya kabichi hutendewa hivyohivyo, ila mimi huyapendelea yakibinywa kwa chumvi kidogo pamoja na mafuta na maji ya limau, baada ya kuondolewa ule mshipa mnene wa katikati. Zukini, mboga ya jamii ya maboga inayofanana na tango, ni jambo jingine kabisa. Karibu asilimia 95 ya uzito wake ni maji, na nyuzi zake ndefu zinazopendwa kutumiwa badala ya tambi zitaizamisha sosi yoyote iwapo hazikuwekewa chumvi na kuachwa zichuje kwa dakika 10 kwanza. Dakika hizo hazihitaji mtu kusimama, kwa hiyo sizihesabu kuwa kazi, ingawa huhesabika katika zile 15. Ndiyo sababu zukini hukatwa kabla ya kitu kingine chochote kuguswa.

Kitunguu kibichi kina ukali unaozaliwa pale kisu kinapopasua seli na viambata vyake vya salfa kukutana na vimeng'enya. Kukiloweka kilichokatwa katika maji baridi kwa dakika 10 huondoa sehemu kubwa ya ukali huo, na kukiloweka katika siki au maji ya limau hukilainisha pia. Ninapendelea siki, kwa kuwa ile siki yenyewe baadaye huingia kwenye sosi.

Karoti na bitiruti hukwanguliwa. Kukwangua si suala la sura peke yake: karotini ya karoti, ile rangi ya machungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, imefungiwa ndani ya seli ngumu, na kadiri seli nyingi zinavyopasuliwa ndivyo mwili unavyoipata zaidi, hasa ikiliwa pamoja na mafuta. Ni haki kusema pia kwamba upishi wa kawaida ungefanya kazi hiyo vizuri zaidi. Vivyo hivyo likopini, yaani rangi nyekundu ya nyanya, hufyonzwa vyema zaidi baada ya nyanya kupashwa moto. Kwa upande mwingine, vitamini C huharibika kwa joto na huyeyukia katika maji ya kuchemshia, na kimeng'enya cha mirosinasi kilichomo katika kabichi na brokoli, ambacho hutengeneza vile viambata vikali mara mboga inapokatwa, huharibiwa na moto mkali. Kwa hiyo orodha ya mradi inaelekea upande wa kabichi, brokoli, pilipili hoho na matunda, mahali ambapo ubichi una faida inayoeleweka, na nyanya zimebaki kwa sababu ya utamu wao tu.

Machi, mwishoni

Sosi imegeuka kuwa moyo wa mradi. Mboga zilezile tatu, zikibadilishiwa sosi, huwa milo mitatu tofauti, na sosi iliyokwisha kutengenezwa ndiyo inayoamua kama sahani itakuwa tayari kwa dakika 8 au kwa dakika 25.

Sosi ya msingi ni sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya siki au maji ya limau, pamoja na kijiko kidogo cha haradali. Haradali husaidia matone ya mafuta yabaki yametawanyika ndani ya asidi badala ya kujitenga, na ikitikiswa ndani ya chupa iliyofungwa haihitaji hata bakuli. Ya pili ni ya ufuta uliosagwa. Huu una tabia inayomshtua asiyeujua: ukiongezewa maji ya limau huganda na kuwa kama udongo, na mtu hudhani umeharibika, kumbe unahitaji maji zaidi, ukiongezewa maji baridi kijiko baada ya kijiko huku ukikorogwa, hufunguka na kuwa laini na mweupe. Ya tatu ni ya korosho zilizolowekwa saa nne au zaidi, zikamwagiwa maji mapya, limau na chumvi, kisha zikasagwa kwenye blenda hadi zisibaki na chembe.

Kanuni moja ya sosi imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Kitunguu saumu kibichi kisiachwe ndani ya mafuta kwenye joto la chumba. Mafuta huzuia hewa, kitunguu saumu hakina asidi ya kutosha, na hayo mawili yakikutana huwapa bakteria wa botulisimu, wanaotoa sumu inayoweza kuua, mazingira wanayoyataka, tena bila harufu wala ladha ya kutahadharisha. Sosi yoyote yenye kitunguu saumu hukaa ndani ya friji na hutupwa baada ya siku 4. Mara nyingi ninarahisisha mambo kwa kukikwangua kitunguu saumu moja kwa moja kwenye sahani wakati wa kula.

Aprili, katikati

Uamuzi mkubwa wa mwezi: mbegu zilizochipushwa zimeondolewa kwenye orodha ya vitu vinavyoliwa vibichi.

Kwa mtazamo wa wepesi zilikuwa zinafaa mno. Choroko au adesi hulowekwa usiku kucha, huchujwa, husuuzwa mara mbili kwa siku ndani ya chupa iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, na baada ya siku mbili hadi nne huwa chakula chenye protini kisichohitaji moto hata kidogo. Tatizo ni kwamba mazingira ya kuchipusha, yaani unyevu na uvuguvugu kwa siku kadhaa mfululizo, ndiyo mazingira ambayo bakteria pia huyapenda, na bakteria wachache waliojificha katika nyufa za ganda la mbegu huweza kuongezeka kwa mamilioni bila sura wala harufu kubadilika. Kuziosha mwishoni hakuwaondoi. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, mlipuko wa bakteria wa E. coli aina ya O104:H4, uliohusishwa na mbegu za uwatu zilizochipushwa, uliwafanya zaidi ya watu 3,000 waugue na kuua zaidi ya 50. Tovuti za mapishi hupenda kudokeza kwamba uchafu wa aina hiyo hutokea viwandani tu, lakini chanzo kikiwa ndani ya mbegu yenyewe, usafi wa jiko la nyumbani hausaidii kitu.

Kuna njia ya kati nayo nimeichukua: chipukizi zinatumbukizwa katika maji yanayochemka hadi ziive, na sahani husika haiitwi tena mbichi. Katika nyumba yenye mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu, nisingezitoa mbichi kabisa, hata kwa anayezipenda.

Aprili, mwishoni

Usafi na baridi. Maandishi haya ni mafupi kwa sababu kazi yenyewe ni ya kuchosha kuliko kuwa ngumu. Matunda na mboga huoshwa kwa maji safi yanayotiririka, bila sabuni, na vyenye ganda gumu husuguliwa kwa brashi hata kama ganda halitaliwa, maana kisu hubeba uchafu wa nje na kuuingiza ndani. Tikiti la aina yenye ganda la mistari kama wavu linahitaji uangalifu wa pekee: nyama yake haina asidi ya kuzuia bakteria, na likishakatwa hukaa kwenye baridi tu. Kipimajoto cha bei ndogo kimewekwa ndani ya friji, na kiwango kinachotakiwa ni nyuzijoto 4 au chini. Chochote kilichokatwa hakikai nje zaidi ya saa 2. Majani hukaushwa vizuri baada ya kuoshwa, kwa sababu majani yenye maji huoza mapema na pia huikataa sosi.

Kuna ugunduzi mmoja wa manufaa: si kila mboga inafaa kukatwa mapema. Kabichi, karoti na bitiruti hustahimili siku kadhaa zikiwa zimekatwa na kufunikwa. Tango na nyanya huchuruzika maji. Tufaha na parachichi hugeuka rangi kwa sababu kimeng'enya kilichomo hukutana na oksijeni. Maji ya limau hukipunguza kasi, ila hayakizuii milele, kwa hiyo vyote viwili hukatwa dakika ya mwisho.

Mei, katikati

Sehemu ya kushiba imenilazimisha kurudi kwenye hesabu. Gramu 100 za majani mabichi hutoa takriban kilokalori 20 tu. Gramu 100 za parachichi hutoa karibu 160. Lozi na mbegu za mafuta hukaribia 600. Anayejaza sahani majani na kuyanyunyizia limau atakuwa ametafuna kwa muda mrefu na bado ana njaa, na nadhani hapo ndipo watu wengi huuacha ulaji huu wakidhani wameshindwa na nidhamu. Kwa hiyo kila mlo sasa hupimwa: gramu 30 za mbegu au lozi, kitu kimoja chenye mafuta kama vile nusu parachichi au vijiko viwili vya sosi ya ufuta, halafu ndipo mboga na matunda yafuate kwa wingi wowote. Bakuli la gramu 200 za kabichi iliyobinywa, karoti moja, nusu parachichi, mbegu za maboga gramu 30 na sosi ya ufuta hufikia takriban kilokalori 600, na mtu hubaki nazo hadi mlo unaofuata.

Kwa asubuhi, mbegu za chia zimejithibitisha. Hunyonya maji takriban mara kumi ya uzito wao, kwa hiyo vijiko viwili vikikorogwa ndani ya kikombe cha maziwa ya lozi usiku, asubuhi huwa uji mzito unaosubiri tunda tu. Ni muhimu zikorogwe mara ya pili baada ya dakika chache, la sivyo hushikamana chini na kuacha maji matupu juu. Mbegu za kitani, kinyume chake, hazifai kumezwa nzima. Ganda lake hupita mwilini bila kuvunjika, na lazima zisagwe.

Vinywaji vya majani mabichi vimebaki kwa masharti. Spinachi ina oksaleti nyingi, na kikombe kikubwa cha kila siku hakimfai mtu mwenye historia ya mawe ya figo. Majani ya kijani kibichi yana vitamini K kwa wingi, na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hapaswi kuyaongeza ghafla bila daktari wake kujua. Nimeyaandika haya kwenye kadi ile ile ya kipimo cha kinywaji, ili atakayeisoma asome vyote pamoja.

Hapa pia ndipo nimelifunga swali la kama mradi upanuliwe hadi milo yote ya siku. Hautapanuliwa. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1999, uliowahusisha wanaume 216 na wanawake 297 waliokuwa wakila vyakula vibichi kwa muda mrefu, ulikuta uzito pungufu ukiwa jambo la kawaida, na takriban asilimia 30 ya wanawake walio chini ya umri wa miaka 45 walikuwa na hedhi iliyovurugika au iliyokoma. Kuna pia suala la vitamini B12, ambayo mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 hivi kwa siku na ambayo mimea haitoi kwa namna ya kutegemewa, iwe imepikwa au haijapikwa. Mlo mmoja kwa siku hauleti hatari hizo, mradi milo mingine ijaze pengo.

Juni, mwanzoni

Hali ya mradi kwa sasa. Bakuli la kabichi na sosi ya ufuta, muesli ya tufaha, uji wa chia, na supu baridi ya tango na parachichi vyote vinatoka ndani ya dakika 15 bila haraka. Nyuzi za zukini zinafikia mpaka huo kwa shida. Roli za majani zilizojazwa mboga zimefutwa. Ni nzuri machoni, lakini kufunga roli moja moja hula muda kuliko kukata kila kitu kilichomo ndani yake. Koliflawa iliyosagwa iwe kama wali nayo imefutwa, kwa sababu ya ladha, na katika hili sitaki ushauri.

Kinachoshikilia ratiba ni kazi ya mara mbili kwa wiki, ya chini ya saa moja, ambamo kabichi na karoti hukatwa, sosi mbili hutengenezwa na korosho hulowekwa. Wiki ambayo kazi hiyo imerukwa, hakuna mlo hata mmoja unaotimiza muda uliowekwa.

Kazi inayofuata ni kabichi ya kuchachusha, ambayo ingeongeza asidi na ladha bila kazi ya jioni. Kabichi iliyokatwa nyuzi imechanganywa na gramu 20 za chumvi kwa kila kilo, ikashindiliwa ndani ya chupa hadi maji yake yakaifunika, na imewekwa mahali penye nyuzijoto kati ya 18 na 22, ambapo bakteria wa asidi ya laktiki huifanya iwe chachu kwa muda wa wiki tatu hivi. Kila siku inakaguliwa kama ingali chini ya maji yake, kwa kuwa sehemu inayobaki hewani hushika ukungu. Itakapoiva itahukumiwa kwa hesabu ya chumvi kabla ya ladha: gramu 100 zake zitakuwa na karibu gramu 2 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku nzima, kwa hiyo kama itaingia kwenye orodha itaingia kwa vijiko viwili juu ya bakuli, na chumvi ya sosi itapunguzwa siku hiyo.